Kufanyia kazi nyumbani, kwenda ofisini au mseto: ipi itakuachia muda wa kuishi?

Watu wengi wa kazi za mezani wanajikuta leo na uamuzi ambao wazazi wao hawakuwahi kuulizwa. Mwajiri anaweka njia tatu mbele yao: uje ofisini kila siku, ubaki nyumbani, au ugawe wiki. Wengine wana ofa mbili mkononi, moja ya ofisi iliyoko Posta, katikati ya Dar es Salaam, nyingine ya kampuni ya nje inayotaka mtu wa kufanyia kazi kwake. Ukiomba ushauri, kila mtu anakujibu kwa machungu yake. Aliyechoshwa na foleni atakuapia kwamba nyumbani ndiko kwenye raha. Aliyechoshwa na kelele za nyumbani atakwambia kimbilia ofisini. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasema ya kwake.

Andiko hili ni kwa mhasibu, mtafsiri, mwandaaji wa programu, ofisa wa mradi, mtu wa huduma kwa wateja na yeyote ambaye kazi yake inaweza kubebwa ndani ya laptopu. Muuguzi, mwalimu wa darasani na dereva hawana uchaguzi huu. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko ninakoishi, na sheria ninayoitaja ni ya Tanzania Bara.

Kabla ya Machi 2020 jambo hili lilikuwa la wachache. Mwezi ule wagonjwa wa kwanza wa Uviko-19 walithibitishwa Kenya na Tanzania, na ofisi nyingi za Nairobi, pamoja na mashirika kadhaa ya kimataifa ya Dar es Salaam, ziliwaambia watu waondoke na laptopu zao. Hofu ilipopungua, sehemu ya mazoea yale ilibaki. Ila wengi waligundua jambo ambalo halikutajwa mwanzoni: saa zilizookolewa barabarani hazikwenda zenyewe kwa watoto wala usingizini. Mara nyingi zilimezwa na kazi ileile. Ndiyo maana, katika njia zote tatu, swali ninaloliweka mbele ni hili: jioni ikifika, ni nini kitakachokufungia kazi?

Vigezo vya kulinganishia

Nitatumia vigezo vitano, vilevile kwa kila njia.

Cha kwanza ni safari, yaani muda na nguvu zinazoishia barabarani.

Cha pili ni saa ya kufunga, na hapa inafaa kuijua sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Zinazozidi hapo ni saa za ziada: lazima mkubaliane, zisizidi 50 katika kila wiki 4, na zilipwe angalau mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na ya pili. Piga hesabu: aliyemaliza kujibu barua pepe saa 4 usiku, saa zake 12 zinatimia saa 4 asubuhi. Wangapi kati yetu huanza kazi saa 4 asubuhi? Meneja anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hahusiki na vifungu hivi vya saa, jambo ambalo waliopandishwa cheo karibuni hawaambiwi. Na afya haijali cheo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa utafiti wa pamoja unaohusisha kazi ya saa 55 au zaidi kwa wiki na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takribani asilimia 35, ukilinganisha na mtu wa saa 35 hadi 40.

Cha tatu ni nyumba yenyewe na watu waliomo. Cha nne ni gharama: nani analipia umeme, bando, nauli na kiti. Cha tano ni kuonekana, yaani nafasi yako ya kujifunza, kukumbukwa na kupanda, pamoja na ule ushirika wa wenzako unaomkinga mtu na upweke.

Njia ya kwanza: ofisini siku zote

Safari. Kwa anayeishi Mbagala, Gongo la Mboto, Bunju au Mbezi ya Kimara na kufanya kazi katikati ya jiji, siku inaanza gizani. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yalipunguza dakika kwa wengi, lakini foleni ya kuingia ndani ya basi saa 12 asubuhi ni safari nyingine. Wa Kigamboni ana pantoni au daraja. Masika yakija, maji ya Mto Msimbazi yakipanda pale Jangwani, barabara ya Morogoro hufungwa na mpango wote wa siku unavurugika. Nairobi hawana nafuu: mvua ikinyesha, nauli ya matatu hupanda, na barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 ni ya anayeweza kulipia. Mtu anayetumia saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, siku 5, anaacha saa 20 kwa wiki barabarani. Ziongeze kwenye 45 za kisheria, zinakuwa 65, na hakuna anayemlipa hizo 20.

Hata hivyo, si kila mtu yumo kwenye hesabu hiyo. Aliyepanga Upanga au Kariakoo anafika Posta kwa miguu, na kwake kigezo hiki hakina uzito. Na wapo ambao safari ndiyo pekee inayowapa muda wa peke yao: anayesoma Kurani yake kwenye siti ya dirishani, anayempigia mama yake kijijini kila jioni. Akiondoa safari, simu hiyo itapigwa lini?

Saa ya kufunga. Hapa ofisi ina nguvu ambayo watu hawaitambui mpaka waikose. Kiyoyozi kinazimwa, mlinzi anapita na funguo, basi la wafanyakazi linaondoka. Kazi ina mlango, na mlango unafungwa. Kasoro ziko mbili. Ya kwanza ni ofisi ambazo hakuna anayenyanyuka kabla ya bosi, hata kama kazi imekwisha. Ya pili ni wale wanaosubiri foleni ipungue. Saa 11 jioni mtu anasema, “Ngoja barabara ifunguke kidogo,” anafungua faili moja la kupotezea muda, na saa 2 usiku bado yupo. Zile ni saa 3 za kazi zisizoandikwa popote.

Nyumba na watu. Unatoka watoto wamelala, unarudi wamelala. Msiba wa jirani unaufikia siku ya maziko tu, kama ruhusa imepatikana. Mama anayenyonyesha ana haki kisheria ya kupewa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kumnyonyesha mtoto, lakini kama mtoto yuko Tegeta na ofisi iko Samora, saa 2 hizo zinaishia kwenye kuomba atoke mapema. Upande wa pili, mwenye nyumba yenye vurugu anapata saa 9 ambazo hakuna anayemgongea mlango.

Gharama. Nauli, chakula cha mchana, nguo za kazini, na mara nyingi dada wa kukaa na watoto kutwa nzima. Mwajiri anabeba umeme, jenereta, intaneti, meza na kiti. Mtu anayepanga bajeti huona nauli haraka kuliko anavyoona thamani ya jenereta. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuingiza umeme kwenye gridi, ofisi yenye jenereta ilikuwa kimbilio hata kwa waliokuwa na ruhusa ya kubaki kwao.

Kuonekana. Kwa anayeanza kazi, hakuna kinachoshinda kukaa karibu na wanaoijua. Anasikia mkubwa wake anavyomtuliza mteja kwenye simu, anaona hesabu zinavyosahihishwa, anauliza swali dogo ambalo angeona aibu kuliandika. Chai ya saa 4 hupika mambo mengi kuliko kikao.

Inamfaa nani. Aliyeajiriwa karibuni. Anayeishi karibu na ofisi. Mpangaji wa chumba kimoja. Anayeshika nyaraka za siri au fedha taslimu. Na yule ambaye, kwa tabia yake, asipofungiwa kazi hawezi kuiacha.

Njia ya pili: nyumbani siku zote

Safari. Imekwisha. Saa 20 za mtu wa Mbagala zimerudi mikononi mwake, na sina njia ya kuipunguza faida hii: ni kubwa kuliko nyongeza nyingi za mshahara. Ila muda huo usipopewa kazi tangu wiki ya kwanza, laptopu itauchukua. Wanaofanikiwa huupangia kitu chenye watu wengine wanaosubiri: kumpeleka mtoto shule kwa miguu, mazoezi ya kwaya, kikoba cha Jumatano. Miguu nayo ina hoja yake. Anayepanda daladala hutembea bila kukusudia, wakati mtu wa nyumbani anaweza kumaliza siku bila kuvuka geti.

Saa ya kufunga. Hapa ndipo penye shida, na nataka kukaa kidogo.

Angalia meza moja ya chakula, nyumba ya vyumba viwili Mbezi, saa 1 usiku. Mhasibu ninayefahamiana naye anaifunga laptopu, anaisogeza pembeni pamoja na waya wake na kikombe cha chai, anaweka sahani. Watu wanakula. Sahani zinaondolewa, meza inafutwa, na laptopu inarudi palepale ilipokuwa, kwa sababu haina pengine pa kukaa. Saa 3 simu inawaka kwenye kundi la WhatsApp la kitengo: “Samahani kwa usumbufu, naomba ile ripoti tuione kabla ya kesho.” Angekuwa ofisini, ripoti ingekuwa kwenye kompyuta ya ofisini na jibu lingekuwa kesho. Kwa kuwa vyote viko umbali wa mkono, anafungua. Hakuna aliyemlazimisha, na bosi wake si mtu mbaya. Hakuna kitu chochote katika nyumba ile kinachosema kazi imekwisha.

Nchi nyingine zimeliona jambo hili hadi kulitungia sheria. Ufaransa ilianza Januari 2017 kuyataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi yajadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi. Ureno mwaka 2021 ikamkataza mwajiri kumsumbua mfanyakazi wakati wa mapumziko yake, isipokuwa kwa dharura. Kenya nayo, muswada wa aina hiyo ulifikishwa katika Seneti mwaka 2022. Kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam, kinga ni zile saa 45 na saa 12 za mapumziko, pamoja na makubaliano yake na mwajiri.

Kwa hiyo anayebaki nyumbani lazima ajijengee mlango. Mambo yanayofanya kazi ni ya kawaida kabisa: laptopu kurudishwa ndani ya begi na begi kabatini; laini ya kazi kwenye simu yake yenyewe, inayozimwa; na bosi kuambiwa mapema, kwa maneno yaliyo wazi, “Baada ya saa 11 na nusu nitajibu kesho asubuhi, dharura nipigie.” Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote. Mtu mwenye dharura ya kweli hupiga simu, asiye nayo huandika, na hivyo maandishi yanaweza kusubiri.

Wanaofanyia kazi wateja wa nje wana jambo la ziada. Mteja wa Ujerumani yuko nyuma yetu kwa saa 1 au 2 kutegemea majira, hivyo siku zenu zinakwenda pamoja. New York iko nyuma kwa saa 7 au 8. Kwao saa 3 asubuhi ni saa 10 au 11 jioni kwetu, na siku yao ya kazi inafungwa kwetu usiku wa manane. Ukichukua kazi ya namna hiyo, kubali kwamba umechukua kazi ya jioni na usiku, ulale asubuhi bila kuona haya. Wanaoumia ni wale wanaoamka na watoto saa 11 alfajiri na bado wakahudhuria kikao cha saa 5 usiku.

Nyumba na watu. Kufanyia kazi nyumbani hutegemea nyumba, na nyumba zetu hazilingani. Mwenye chumba cha ziada chenye mlango na mwenye chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji sita hawajapewa kitu kimoja, hata barua zao za kazi zikisomeka sawa. Muuza samaki anapita akiita, jirani ana redio, uwanjani watu wanafua, na wewe uko kwenye kikao umeshikilia kitufe cha kuzima sauti.

Kisha kuna ndugu. Kwa wengi wao, aliyeko nyumbani yuko nyumbani. “Si upo? Nipokelee fundi wa bomba.” “Shangazi yako anatoka Muhimbili, apumzike hapo kwako mpaka jioni.” Mwanamume anayeonekana barazani saa 4 asubuhi huulizwa na majirani kama ameachishwa kazi. Mwanamke haulizwi, hupewa kazi nyingine. Dada anagonga: “Mama, gesi imeisha.” Mtoto ametoka shule, anataka kusimulia. Chakula cha mchana, ambacho siku za ofisi hakikumhusu, sasa ni chake. Nalisema hili bila kuzunguka: katika nyumba ambayo mume na mke hawajagawana upya kazi za ndani, mama kufanyia kazi nyumbani humwongezea siku ya pili ya kazi ndani ya siku ileile. Njia hii ikitaka kumfaa, kikao cha kwanza kifanyike na mumewe kabla ya kufanyika na bosi.

Palipo na maelewano, mambo hugeuka. Mama anamnyonyesha mwanawe bila kupanda basi. Baba anakuwapo mtoto anapopandisha homa saa 8 mchana. Mzee anayeuguzwa ana mtu wa kumpa dawa kwa saa yake. Msiba wa jirani unakwenda kukaa nusu saa na kurudi, na ujirani unaokoka. Haya hayamo kwenye mkataba wowote, na kwa wengi wetu ndiyo maisha yenyewe tunayotafuta kuyasawazisha na kazi.

Gharama. Nauli inaokoka, umeme na intaneti vinahamia kwako. Laptopu haili umeme mwingi. Feni ya kutwa inakula, na kiyoyozi kinakula zaidi. Aliyekuwa kwenye bei nafuu ya TANESCO ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi aangalie asizivuke. Bando la vikao vya video huisha upesi, kwa hiyo palipo na nyaya za intaneti mtaani, malipo ya mwezi huwa na nafuu kwa mtu wa vikao vingi. Weka na njia ya pili, kwa kuwa mambo hukatika: Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Afrika Mashariki nzima ilitaabika, wa ofisini na wa nyumbani sawia. Umeme wa nyumbani ukikatika, ni wewe tu. Kiti nacho usikidharau. Kiti cha plastiki kinatosha kwa wiki, hakitoshi kwa mwaka, na mgongo haurudishwi kwa bei ya kiti. Meza za kukodi kwa siku, zinazopatikana Masaki, Mikocheni na Nairobi penye ofisi nyingi, ni msaada kwa siku za vikao, ingawa kwa mwezi mzima zinaweza kula zaidi ya nauli uliyookoa.

Kuonekana. Kuna jaribio la China linalotajwa sana, lililofanywa mwaka 2010 na 2011 kwa wafanyakazi wa simu wa kampuni ya usafiri ya Ctrip, likiongozwa na mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake. Waliobaki nyumbani siku 4 kati ya 5 walifanya kazi zaidi kwa takribani asilimia 13, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Wanaopenda kubaki nyumbani huishia hapo. Lakini jaribio lileile lilionyesha kwamba, kwa kiwango kilekile cha ufanisi, wa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache kuliko wa ofisini, na waliporuhusiwa kuchagua upya, zaidi ya nusu walibadili uamuzi wao, upweke ukiwa sababu kubwa. Mtu aliyezoea salamu za ofisi nzima asidhani hatazikosa.

Inamfaa nani. Aliyekwisha ijua kazi yake na anayejulikana kwa matokeo. Mwenye chumba chenye mlango. Anayekaa mbali sana na ofisi. Mzazi wa mtoto mchanga au mwenye mgonjwa nyumbani, akiwa na msaidizi na maelewano. Mwenye ulemavu ambaye kupanda daladala kwake ni vita ya kila siku; kwake uchaguzi huu unaweza kuwa tofauti kati ya kuwa na kazi na kutokuwa nayo.

Njia ya tatu: mseto

Safari. Ukiwa ofisini siku 3, yule wa saa 20 anabaki na 12. Ni nafuu ya kweli. Tahadhari yangu ni kwa wanaohama kwa sababu ya mseto, kwenda kupanga au kujenga Kibaha, Chanika au Mapinga, wakipiga hesabu ya kwenda mjini mara mbili kwa wiki. Mwajiri akibadili sera, kiwanja hakisogei. Usijenge juu ya ruhusa ambayo haijaandikwa.

Saa ya kufunga. Mseto mzuri unazigawa kazi kwa aina: ofisini vikao, mafunzo na mazungumzo, nyumbani kuandika, kuhesabu na kusoma. Mseto mbaya unazirundika. Siku za ofisini zinajaa vikao hadi jioni, kazi yenyewe inasubiri usiku, na siku ya nyumbani inakuwa ya kulipa madeni. Laptopu inayobebwa kila siku kwenda na kurudi ni dalili. Jioni za siku za ofisini ingefaa ilale ofisini, kama usalama upo.

Nyumba na watu. Kinachoshinda hapa ni siku zisizobadilika. Ndugu, dada na watoto wakijua Jumatatu na Ijumaa upo lakini uko kazini, wanazoea. Zikibadilika kila wiki, unarudi kwenye “si upo?” Kwa Waislamu Ijumaa ya nyumbani ina faida ya pekee: unasali msikiti wa mtaani na kurudi mezani bila kupambana na barabara. Na mwanamke aliyekuwa anazama kwenye kazi za ndani siku tano, mara nyingi siku mbili anaweza kuzimudu.

Gharama. Hapa watu hushangaa. Unalipa sehemu tu ya nauli lakini intaneti nzima, kwa kuwa malipo ya mwezi hayagawanyiki. Dada bado anahitajika. Ofisini nako huenda meza yako imechukuliwa, unatafuta pa kukaa.

Kuonekana. Bloom alirudi kwenye kampuni ileile, sasa ikiitwa Trip.com, na matokeo yalichapishwa mwaka 2024: wafanyakazi 1,612, nusu yao wakiruhusiwa kubaki nyumbani siku 2 kwa wiki. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi, hasa wanawake, wasio mameneja na wenye safari ndefu, na hakukuwa na dalili ya kuathirika kwa ufanisi wala vyeo. Ni kampuni moja ya China, kwa hiyo usiichukue kama ahadi. Sharti lililo wazi ni kwamba siku zako za ofisini ziwe zile ambazo timu yako na mkubwa wako wapo. Kusafiri saa 2 kwenda kukaa peke yako na kufungua kikao cha video ni hasara ya pande zote.

Inamfaa nani. Mwenye familia na uzoefu wa kati anayetaka kupanda bila kupotea nyumbani. Timu inayotegemeana lakini yenye kazi za utulivu. Haimfai anayekaa mkoa mwingine na ofisi yake, wala ofisi ambayo bosi hupanga siku kwa kushtukiza.

Chagua kwa hali yako

Kama ndiyo kwanza umemaliza chuo, nenda ofisini walau mwaka wa kwanza, hata nyumbani ukiruhusiwa. Kama umepanga chumba na sebule pamoja na familia, ofisi au mseto wa siku nyingi za ofisini utakulinda wewe na utailinda familia. Kama una mtoto chini ya mwaka mmoja na ofisi iko mbali, omba nyumbani kwa kipindi maalumu, kisha mseto, na utaje haki ya kunyonyesha kwenye barua.

Kama unafanya kazi na wateja wa Marekani, jihesabu kuwa mtu wa zamu ya usiku na upange usingizi kabla ya kupanga kingine. Kama unaishi dakika 20 kutoka ofisini, faida kubwa ya kubaki nyumbani haikuhusu, hivyo angalia saa ya kufunga na uamue kwa hiyo. Kama unaishi peke yako na siku zinapita bila kuongea na mtu ana kwa ana, usichague nyumbani siku zote, hata kama kazi inakwenda vizuri. Kama unauguza mzazi, nyumbani kunafaa, ila tafuta mtu wa kupokezana naye mchana, kwa sababu huwezi kuwa muuguzi na mhasibu saa ileile.

Kwa njia yoyote utakayochagua ambayo si ofisi kamili, omba haya yaandikwe: siku zipi uko wapi, saa za kuanza na kumaliza, njia ya kukupata kwa dharura, nani analipia intaneti na vifaa, ukiumia ukiwa kazini nyumbani inahesabiwaje, na tarehe ya kuupitia upya mpango huo. Miezi 3 inatosha. Ndani ya miezi hiyo andika kila jioni saa uliyofunga kazi kweli, si ile ya kwenye mkataba, na uende na daftari hilo kwenye mazungumzo.